Rangi Nyekundu kwenye Kisima cha Mzee Manase

Mzee Manase Nnko wa Kikwe alikuwa na jambo moja tu la kujivunia duniani, nalo ni kisima. Usimuulize habari za ng'ombe wala migomba. Ng'ombe kila mtu anao. Kisima alikichimba kwa sururu na koleo mwaka ule wa ukame, yeye na mdogo wake Abdiel, na kitongoji kizima kikateka hapo bila kuulizwa. Tangu hapo watu wakamwita Baba Kisima, naye akaitika mpaka jina likamkaa. Sasa, aliyekuja kukipaka kisima hicho rangi nyekundu, mchana kweupe, watu wakitazama, hakuwa adui wala mgeni. Alikuwa binti yake wa kumzaa, Elirehema.

Elirehema ni fundi sanifu wa maji. Yumo kwenye timu ya serikali inayochora ramani ya maji yaliyo chini ya ardhi kuuzunguka Mlima Meru. Kazi yenyewe ni kutembea kijiji hadi kijiji na chupa za plastiki, unasuuza chupa kwa maji ya kisima kilekile, unaijaza, unaibandika namba, unaipeleka maabara. Udongo wa huku ulitemwa na mlima wa moto, na mawe yake yanaachia madini ya floraidi kwenye maji. Maji yenyewe ukiyaona ni maangavu, baridi, matamu, na hapo ndipo penye balaa. Ukiyanywa leo hayakufanyi kitu. Ukiyanywa utoto wako wote, meno yanageuka kahawia, na wengine mifupa inapinda.

Meno hayo Elirehema anayo. Chuoni Dar es Salaam walimtania mpaka akajifunza kucheka kwa kufumba mdomo, na hadi leo picha zake zote amenuna. Hilo alishalizoea. Lililomkereketa rohoni ni Princess, mtoto wa kaka yake Ludovick, anayelelewa pale kwa babu. Miguu ya mtoto imeanza kupinda kwenda nje. Mzee anasema mama yake alimsimamisha mapema. Mapema nini! Mtoto ananyweshwa floraidi asubuhi na jioni, halafu anasingiziwa mama yake.

Majibu ya maabara yalipotoka, kisima cha Baba Kisima kilikuwa kibaya kuliko vyote walivyopima upande ule. Utaratibu wa timu ni kwamba kisima cha namna hiyo kinapakwa alama nyekundu mdomoni, ili hata asiyejua kusoma ajue. Kiongozi wao alimshauri aende mwenzake. Elirehema akakataa. Alijiona shujaa, akadhani baba atalipokea vizuri jambo hilo likitoka mkononi mwa mwanawe. Lo, msomi mzima! Amezaliwa na kukulia hapahapa, anajua fika kwamba jambo zito la mzazi halipelekwi na mtoto hivihivi. Unamtuma mtu mzima, anakaa, anakunywa chai, analisema pole pole. Yeye alikwenda na kopo la rangi na brashi. Mpimaji mgeni angetukanwa, yakaisha. Yeye alionekana amemvua baba yake nguo hadharani.

Mzee hakupiga kelele. Alisubiri rangi ikauke, akamwambia asikanyage tena pale. Alikuwa na swali moja tu, na tumpe haki yake, swali lilikuwa la maana: mmesema haya ni mabaya, mazuri mmeleta yapi? Wakubwa wa Elirehema hawakuleta yoyote. Ramani ilizinduliwa hotelini mjini, watu wakala sambusa, wakapiga picha, wakapanda magari yao wakaondoka. Kikwe ikaambulia nukta nyekundu. Hata bomba la kudanganyia halikuja. Kitongoji kikagawanyika: wengine wakaacha kuteka, wengine wakateka kwa makusudi, kumkomoa yule binti mwenye kiburi. Mzee Manase akawa anakunywa maji yake barazani kila asubuhi ili wapita njia wamwone, na Princess pembeni yake na kikombe chake kidogo.

Hicho kikombe kidogo ndicho kilichomnyima Elirehema raha huko mjini, mtaa wa Sakina, alikopanga. Kukataliwa angevumilia, watu wanakataliwa na wanaishi. Lakini akiwa amefukuzwa, atamtoaje mtoto kwenye yale maji? Alimpigia simu Ludovick, ambaye yuko machimboni Mirerani, akajibiwa kwamba wasomi kazi yao ni kuvuruga familia za watu, kisha simu ikakatwa. Basi akaiweka jeuri yake kando, akaenda kwa baba yake mdogo, Mzee Abdiel, akamwomba ampelekee isale.

Isale ni ule mmea wa majani marefu ya kijani ambao Wameru huupanda kwenye mipaka ya mashamba, tena ndio huo huo hushikwa mkononi mtu anapoomba msamaha. Ukiletewa isale hukatai, hata kama umeuliwa ng'ombe. Mzee Abdiel alikata tawi zuri, akatangulia nalo, Elirehema nyuma yake na kitenge mabegani. Majirani wakajaa uani kana kwamba kuna harusi. Wapo waliokuja kwa nia njema. Wengi walikuja kumwona akidhalilika, na nyuso zao hazikuficha.

Mzee Manase alilipokea tawi, akalilaza magotini. Akamtuma Princess kisimani. Mtoto akarudi na kikombe kikubwa cha shangazi, na kile kidogo cha kwake.

"Umeleta isale, nami sina ujanja. Nimekusamehe," alisema mzee. "Sasa kunywa, tuyamalize."

Elirehema alikishika kikombe. Alijua kikombe kimoja hakimfanyi kitu. Utotoni amekunywa pipa kwa pipa. Alijua vilevile kwamba akinywa, kesho kitongoji kizima kitasema hata mpimaji mwenyewe anakunywa, na rangi ile itakuwa haina maana tena. Na mzee alijua kwamba anajua. Msamaha gani huo? Ulikuwa mtego, na hasira ikampanda Elirehema. Princess alikuwa amekwisha kuinua cha kwake hadi mdomoni, anamwangalia shangazi yake, anasubiri wanywe pamoja.

"Baba, nakuheshimu," alisema Elirehema. "Lakini nikinywa mimi, huyu mtoto atakunywa mpaka ashindwe kutembea. Sinywi."

Akakiweka chini. Princess akamtazama, akamtazama babu, kisha akamwaga kikombe chake mavumbini. Hakufanya kwa jeuri. Alifanya alivyoona shangazi amefanya.

Mzee Manase aliinuka. Alikwenda na lile tawi hadi njia inapoingilia nyumbani kwake, akachimbua udongo kwa ncha ya fimbo, akalisimika, akaukanyaga udongo kwa kisigino. Mzee Abdiel alivua kofia akajifunika uso, maana tangu azaliwe hajaona isale ya msamaha ikifanywa hivyo.

"Huu ndio mpaka wako," alisema Mzee Manase. "Usiuvuke mimi nikiwa hai."

Isale haina shida ya kushika. Mvua za vuli zilipokuja ikatoa majani mapya, na sasa inamfika Elirehema kiunoni. Kila Jumamosi anatoka Sakina na galoni la maji aliyoyapima mwenyewe, anasimama upande wake wa isale, na Princess anakuja mbio na miguu yake ile ile kulipokea. Tangu siku ile mtoto amekataa katakata kunywa ya kisimani, na babu yake hakuweza kumlazimisha. Mzee anakaa barazani na kikombe chake. Kila Jumamosi Elirehema anasema, shikamoo, baba. Na kila Jumamosi mzee anageuza kiti.