Bastola ya Mkono wa Verlene

Verlene Stidham ameosha, amekata na kuseti nywele za wanawake wa mji wetu huu wa Kentucky kwa miaka thelathini na moja, na mkasi umemmaliza vidole. Viungo vya mkono wa kulia vimevimba. Asubuhi nyingine hata kifuniko cha chupa ya jemu humshinda. Aliposikia kwamba Royce ametoka jela, yule mume aliyemvunja taya hadi Verlene akamkimbia, alijua jambo moja tu. Bastola atakayonunua lazima mkono ule uweze kuifyatua.

Nilimsindikiza dukani, maana nafanya naye kazi saluni. Kaka yake, Odell, alijialika mwenyewe. Huku kwetu mwanamke akisimama na mwanamume kwenye kaunta ya bunduki, muuzaji huongea na mwanamume. Mpaka leo nikikumbuka damu inanichemka.

"Kaka, hii ndiyo ya akina mama," muuzaji alimwambia Odell, akiweka juu ya kioo kibastola cha silinda chenye mpini wa waridi. "Nyepesi. Ataitia mkobani asahau kama ipo."

"Mnunuzi ni mimi," Verlene alisema. "Niangalie mimi."

Wakacheka. Upuuzi mtupu! Kila mwindaji wa wilaya hii anajua kwamba bastola ikiwa nyepesi ndiyo inazidi kuupiga teke mkono unaoifyatua. Lakini akija mwanamke wanasahau yote na kumkabidhi nyepesi kuliko zote.

Kwenye uwanja wa kulengea nyuma ya duka Verlene alikifyatua kile kibastola mara mbili. Ya tatu kidole kiligoma, na ngozi ya gumba ilikuwa imeshachubuka.

"Utazoea, dada," Odell alisema. "Kwani utaifyatua wapi? Ni ya kukutuliza moyo tu."

Verlene alimwonyesha muuzaji bastola kuukuu ya chuma kabatini, ya aina waliyokuwa wakivaa polisi zamani.

"Hiyo nzito, mama. Itakushusha suruali."

"Suruali yangu nitaipandisha mwenyewe. Lete."

Kifyatulio chake kilikuwa kimelainika kwa kutumika. Alisimama hatua saba kutoka kwenye karatasi ya shabaha, kama kutoka kitandani kwake hadi mlangoni, akafyatua risasi zote sita. Zote zilitoboa karatasi.

"Unatupa pesa," Odell akanung'unika. "Royce kabadilika. Jumapili alikuwa kwangu, kala maharage na mkate wa mahindi, huku analia kama mtoto. Anataka kukuomba radhi tu."

Verlene aliiweka bastola chini, silinda wazi. "Ataniomba radhi wapi? Hajui nilikohamia."

Odell aliinamia viatu vyake.

"Odell!"

"Ni mtu uliyeishi naye miaka kumi na tisa, Vee. Nilimwelekeza nyumba, basi."

Nilitamani kumzaba kofi. Mwenzangu hata sauti hakupandisha. Alinyoosha kiganja chenye lile gumba lililochubuka.

"Nilikupa ufunguo wa akiba. Nirudishie."

Odell alitoa kishada cha funguo zake, akazipekua moja moja kana kwamba anatafuta, kisha akakirudisha mfukoni.

"Alisema atakusubiri ndani," alijibu. "Nje kuna baridi."