Sokwe Aliyefungwa Kiriri

Sokwe hunuka kabla ya kuonekana. Ni harufu ya jasho na manyoya yaliyolowa, iliyochanganyika na matunda yaliyoanza kuchacha, na ukishaivuta mara moja hutaisahau tena. Mimi niliivuta kwa mara ya kwanza nikiwa na miaka kumi, kwenye msitu wa vilima vya juu ya Rumonge, nikitembea nyuma ya mgongo wa baba yangu. Alisimama ghafla, akainua mkono mmoja, na wageni wanne waliokuwa nyuma yetu wakasimama pia, wakihema. Akaokota ganda la tunda lililokuwa bado na mate, akaninusisha, akaninong'oneza: "Zuhura, wako hapa. Sasa tembea kama mu nyumba kuna mgonjwa."

Baba aliitwa Yusufu. Kwetu Buyenzi, mtaa wa mjini, walimjua kama fundi wa magari, lakini kazi aliyoipenda ilikuwa hiyo ya kuwapeleka wageni kuwaona sokwe. Vita vilikuwa vimeanza mwaka uliotangulia, na mtu angedhani hakuna ambaye angetaka kwenda msituni wakati kama ule, lakini walikuwepo: watu wa mashirika ya misaada, madaktari, watu wa balozi, waliokuwa wakiona wiki nzima mambo ambayo jicho halipaswi kuyaona, na Jumamosi wakatamani kuona kiumbe asiyejua kama kuna vita. Barabara ya kusini ikiwa salama, gari liliondoka alfajiri likifuata ziwa. Shule yetu ilikuwa imefungwa, ikafunguliwa, ikafungwa tena. Mama alikuwa mshonaji, cherehani yake ilikaa kwenye baraza la duka la vitambaa huko Asiatique, mtaa wa wafanyabiashara, na hakutaka nibaki peke yangu mtaani mchana kutwa. "Mutoto aende na wewe," alimwambia baba. "Ukiwa naye, roho yangu inatulia."

Hivyo ndivyo kiangazi kile chote nilivyopanda na kushuka vilima nikiwa mguuni pa baba. Alikuwa na sheria zake, na hakumsamehe mtu kwa kuzivunja, hata awe balozi. Mwenye mafua abaki garini, kwa kuwa kikohozi chetu huwaua sokwe. Asiyeweza kunyamaza abaki garini. Hakuna kula mbele yao, hakuna kuwanyooshea kidole. Na sheria iliyokuwa juu ya zote, aliyonipa mimi peke yangu, ilikuwa hii: mahali wanapolala haelezwi mtu. Wageni huwaona wakila, basi. Viota vyao, ambavyo huvisuka upya kila jioni juu ya miti kwa kukunja matawi, vilikuwa siri ya mwongozaji.

Ni yeye aliyegundua kwamba naweza kuwaiga. Mwito wa sokwe huanzia chini, hoo, hoo, kama mtu anayepuliza moto uliokataa kuwaka, kisha hupanda na kupanda mpaka uwe yowe linalojaza bonde zima. Baba aliujaribu miaka mingi na bado sauti yake ilikuwa ya mtu. Yangu walikuwa wakiijibu. Kulikuwa na jike mmoja niliyempa jina la Sikio kwa sababu sikio lake la kushoto lilichanika, naye alikuwa na mtoto mwenye alama nyeupe juu ya mdomo. Huyo nilimwita Kidoti. Nikiita, Kidoti alikuwa akijibu kabla ya wakubwa, kwa kasauti kembamba kanakokatika njiani, na mama yake alimvuta kifuani kama mama yangu alivyokuwa akinivuta tukisikia risasi upande wa mtaa wa Kinama. Wageni walicheka kwa furaha. Baba hakucheka. Alinitazama tu, na sijawahi kutazamwa vile na mtu mwingine tangu siku hizo.

Bwana Leopoldi alikuja nasi mara tatu. Alikuwa tajiri mwenye nyumba kubwa Kiriri, mtaa wa wakubwa mlimani juu ya mji, mtu wa shati jeupe na maneno laini, na alipenda kuwaambia Wazungu kwamba wanyama wa nchi hii ni urithi wetu sote. Safari ya tatu alisema amechoka, akaketi juu ya jiwe, na baba akaniacha naye ili awapeleke wengine mbele kidogo. Alitoa mfukoni kalamu ya rangi nne, ile ya kubonyeza, akanionyesha jinsi wekundu unavyoingia na kijani kinavyotoka. Akaniambia nichukue, ni yangu.

"We ni mutoto wa akili sana," alisema. "Baba yako anasema unawajua kuliko yeye. Kale kadogo na mama yake, wanalala wapi?"

Baba hakuwa amesema kitu kama hicho, sasa najua. Lakini nilikuwa na miaka kumi, na hakuna mtu mzima wa Kiriri aliyewahi kuniambia nina akili. Nikamweleza. Ukivuka kijito kidogo, ukifuata korongo mpaka kwenye mti mkubwa ulioinama, Sikio hulala upande wa kushoto, peke yake, mbali na wenzake. Aliitikia kwa kichwa polepole, kama mwalimu anayesikiliza somo lililokaririwa vizuri.

Jumamosi iliyofuata msitu ulikuwa kimya. Niliita, hakuna aliyejibu. Baba aliwaambia wageni wasubiri, akashuka korongoni, nami nikamfuata ingawa alinikataza. Sikio alikuwa chini ya mti ulioinama, amelala kifudifudi, mgongo umefunguliwa na risasi, mikono yote miwili mbele kama aliyekuwa ameng'ang'ania kitu kikanyakuliwa. Nzi walishamjua. Baba alipiga magoti, akakata matawi, akamfunika kuanzia kichwani, taratibu, kama tunavyomfunika mtu wetu. Kalamu ilikuwa mfukoni mwangu.

Kabla ya wiki kwisha walikuja kumchukua baba. Waliosimamia msitu walisema ni mwongozaji peke yake aliyeijua ile sehemu, kwa hiyo ni yeye aliyeiuza. Walimweka ndani siku kumi na moja. Alipotoka, vidole vitatu vya mkono wake wa kuume vilikuwa vimevunjwa, na havikuunga sawasawa tena. Kibali chake cha kuongoza walikichukua. Majirani waliokuwa wakimwita fundi wakaanza kumwita muuza nyani. Alikaa uani akijaribu kushika spana kwa mkono wa kushoto, ikianguka, akiiokota, na mimi nilikuwa nikimtazama kutoka mlangoni huku kitu kikigandamana ndani ya kifua changu, kigumu na cha baridi. Nilikuwa bado sina jina lake. Nilijua tu kwamba sitaki kulia. Nilitaka mtu mwingine alie.

Mungu alinipa nafasi kwa njia ya cherehani ya mama. Binti wa Bwana Leopoldi, Klarisa, alikuwa anaposwa, na mkewe alimwita mama aje Kiriri kupima nguo za wanawake wa nyumba ile. Nilimbebea pini. Wakati mama amepiga magoti sakafuni akikunja pindo, nilisikia kutoka nyuma ya nyumba kasauti kembamba kanakokatika njiani. Pini zikanimwagika zote. Nikaomba kwenda chooni, nikazunguka mpaka kwenye stoo ya mabati, nikatia jicho kwenye tundu la msumari. Kidoti alikuwa amefungwa mnyororo kiunoni, amekumbatia gunia.

Ningeweza kumwambia mama. Ningeweza kumwambia baba. Sikumwambia mtu. Nilihesabu siku mpaka ile ya posa, na kila siku nilikuwa nikimwona Bwana Leopoldi kichwani mwangu, nikimpangia watu wa kumzunguka, kwa sababu nilishaelewa kwamba mtu kama yeye hawezi kuumizwa akiwa peke yake.

Siku ilipofika, alasiri, uwanja wa nyumba ulijaa. Wazee wa upande wa bwana harusi walikaa mstari wa mbele na suti zao. Kulikuwa na Wazungu pia, na kati yao mama mmoja mwenye mvi ambaye watu wote wa mji walimjua kwa sababu alikuwa akiwalea sokwe yatima kwenye nyumba kando ya ziwa. Bwana Leopoldi alisimama kuwakaribisha, na kwa kuwa mama yule alikuwepo, akaanza kueleza anavyoumia anaposikia jinsi msitu wetu unavyoporwa. Mama aliitwa kurekebisha nguo, nami nilikuwa nimesimama nyuma ya viti na mfuko wake wa pini. Nikauweka chini. Nikajaza mapafu.

Niliuanzia chini, hoo, hoo, nikaupandisha. Watu waligeuka. Mtu mmoja alicheka. Nilipofika juu kabisa nikanyamaza. Halafu mabati ya stoo yakaanza kupigwa kwa nguvu, mnyororo ukalia, na Kidoti akapiga yowe nililokuwa sijawahi kulisikia msituni, yowe la mtoto aliyedhani wa kwao wamekuja kumchukua.

"Ni nini hicho?" aliuliza yule mama mwenye mvi.

"Imbwa," alisema Bwana Leopoldi. "Ni imbwa tu, madamu."

"Apana!" nilisema. "Si imbwa. Ni Kidoti. Huyu alituma watu wakapiga mama yake risasi, na baba yangu akavunjwa vidole sababu yake. Baba yangu ni Yusufu wa Buyenzi!"

Mama aliniziba mdomo kwa kiganja, lakini yule mwanamke alishasimama na kuelekea nyuma ya nyumba, na hakuna aliyethubutu kumzuia. Alirudi na Kidoti shingoni mwake, mnyororo ukiburutika. Wazee wa upande wa pili walinong'onezana, kisha mkubwa wao akavaa kofia yake. Wakaondoka mmoja mmoja, bila kuaga. Bwana Leopoldi alibaki amesimama na glasi mkononi, uso umekuwa kama majivu, na machozi yalikuwa yakimtoka. Nilimtazama mpaka nikashiba. Klarisa naye alikuwa akilia, ndani ya nguo aliyoshona mama, na yeye hakuwa amemkosea mtu. Nilimwona. Sikumhurumia, na ninaandika hivyo kwa sababu ndivyo ilivyokuwa.

Hakushtakiwa. Wakati ule nani angemshtaki mtu kwa ajili ya sokwe? Kidoti alikaa kando ya ziwa, kisha mji ulipozidi kuwaka akasafirishwa kwa ndege pamoja na yatima wengine, nje ya nchi. Mama alipoteza wateja wote wa Kiriri. Baba hakurudishiwa kibali. Aliposikia nililofanya alinishika kichwa kwa mkono wake uliopinda, akaniuliza kama nimekula. Ilinichukua miaka kumi na tano kumwambia ni nani aliyemwonyesha yule mtu mti ulioinama. Alikuwa mgonjwa tayari. "Nilijua," alisema. "Tulikuwa wawili tu tuliojua pale, na mi sikusema."

"Kwa nini hukuwaambia walipokupiga?"

"Niwaambie nini? Wakuite wewe?"

Baba hayupo tena. Siku hizi barabara ya kusini haina vizuizi vya vita, vijana wenye sare wanawapeleka wageni msituni, na mwaka jana niliwapeleka wanangu. Tulitembea nusu siku, tukaona sokwe wawili kwa mbali, wakakimbia mara moja. Mwongozaji aliomba radhi. Alisema hawa wa bonde hili wanaogopa watu, vita viliwaharibu.

Juzi nilimkuta Bwana Leopoldi kwenye harusi, mzee wa kushikwa mkono, ameketishwa meza ya mbele kwa heshima. Nilikwenda kumsalimia. Hakunitambua, nikamtajia jina langu na la baba. Alitafuta kidogo kichwani, kisha akatikisa kichwa kwa masikitiko. "Ah, mwanangu," alisema. "Vita vile viliharibu vitu vingi."

"Si vita," nilimjibu. "Ni wewe."

Mjukuu wake alikuja kumpa maji, nami nikarudi kwenye kiti changu nikala chakula changu chote. Katika mji huu tumezoea sasa kusema vita. Nyumba ikianguka ni vita, baba akipotea ni vita, na wote hulala vizuri. Mimi ninalo jina la mtu, na nitalitaja kila ninapoulizwa.