Spika Tano za Shemeji

Jamani, mwenzenu nimeumbuka. Shemeji yangu, muuza redio wa Kaloleni, aliniita kwake nisikilize albamu ya roki niliyoikariri kwenye kaseti tangu ujana. Sasa imechanganywa upya, inatokea kwenye spika tano. Nikaingia macho yote kwenye spika, nikakaa katikati.

Lo! Gitaa likapita juu ya utosi wangu, kinanda kikanizunguka kama ukungu wa Meru. Machozi yakanilenga. Mara mzee akakohoa nyuma yangu.

Nikaruka, nikageuka, nikainamisha kichwa. “Shikamoo, mzee!”

Spika tupu! Kikohozi kile kimo ndani ya albamu yenyewe, ila kaseti yangu haikuwahi kukitoa.

Kwenye kochi la pembeni, baba mkwe akakunja uso. “Mimi nipo hapa tangu uingie, hujaniamkia. Spika ndiyo umeiamkia.”