Laptop mbili za baba mkwe, na ile nilishindwa kukataa

Wakuu, salamu kutoka Kisumu.

Kila wiki naona humu mtu anauliza, "Nina pesa kidogo, nimepata laptop mbili zinafanana, nichukue gani?" Watu wanamjibu mambo ya RAM, wanamjibu mambo ya betri. Mimi huwa napita kimya. Leo nimeshindwa kupita.

Nawaambia yangu jinsi ilivyokuwa, sina sababu ya kuweka chumvi. Na kama umekuja kucheka, uzi huu si wako.

Ilikuwa mwisho mwisho wa miaka ya tisini. Nilikuwa nimefanya kazi ya taipisti miaka tisa kwa ofisi moja hapa town, halafu retrenchment ikaja ikanibeba. Nikapewa bahasha na barua ya kunishukuru.

Mwaka huo huo Mzee wangu akaanza kuvimba koo.

Mzee alikuwa dereva wa trekta ya miwa kule Muhoroni. Alipostaafu akarudi bomani kwake, mbele kidogo ya Otonglo ukishuka upande wa ziwa. Shule hakuiona. Lakini alikuwa na kitu ambacho hakuna mwingine kwetu alibaki nacho: majina. Alijua watu wetu kumi na mmoja kurudi nyuma, baba hadi baba, na kila jina na hadithi yake. Ndugu zake wote walikuwa wameshatangulia.

Daktari hakutuficha. Operesheni ni lazima, na baada ya operesheni sauti haitarudi. Tulikuwa na kama miezi mitatu.

Mzee akaniita. Alikuwa anaongea Dholuo, mimi nawatafsiria tu. "Wewe ndiye unajua mashine. Niandikie kitabu kabla hawajaninyamazisha."

Najua mtaniuliza, si ungechukua daftari? Mama Akinyi, mke wangu, aliniuliza hivyo hivyo. Nikamwambia Mzee amesema kitabu, hajasema daftari. Nikamwambia pia nikipata laptop nitakuwa nachapa programu za matanga, vile vijitabu vya mazishi, kazi ambayo kwetu haijawahi kukosekana. Ukweli ni kwamba nilikuwa na aibu. Taipisti wa miaka tisa anaenda kukaa mbele ya babake na kalamu kama mtoto wa darasa la pili? Sikutaka.

Pesa ya bahasha ilikuwa imebaki kidogo. Laptop mpya sahau. Ndipo Mama Akinyi akasema baba yake mdogo, aliyekuwa na kibanda cha kutengeneza redio karibu na stendi, ameleta laptop mbili kutoka Nairobi. Ofisi fulani huko ilikuwa inaziuza za zamani.

Sasa wale si wa huku, nieleze kidogo. Baba mdogo wa mke wako ni baba mkwe wako kabisa. Huketi ovyo mbele yake. Humpingi bei. Akikuwekea chakula, hufunui sufuria kuangalia nyama imebaki ngapi. Ukweni ni mahali pa kusema asante.

Nikaenda. Baba mkwe akanipokea vizuri sana, akafuta kiti na kitambaa, akaagiza soda. Akaweka zile laptop mbili mezani.

Kampuni moja, rangi moja, bei moja. Tofauti ni kwamba ya kushoto ilikuwa inang'aa, na ya kulia ilikuwa na mkwaruzo mrefu juu ya kifuniko na kibonye kimoja kimetoka.

Nikaziwasha zote mbili, nikachapa kidogo hii, kidogo ile. Ile yenye mkwaruzo ilikuwa kimya. Ile safi ilikuwa inatoa mlio ndani. Tik. Inanyamaza. Tik tik. Mimi nimeishi na mashine za kuchapa, sikio langu linajua chuma kikilalamika.

Moyo wangu ukaenda kwa ile ya mkwaruzo. Nikaigusa, nikasema polepole, "Baba, hata hii si mbaya."

Akacheka. "Hapana. Hiyo ni ya mwalimu mmoja wa Sondu. Siwezi kumpa mume wa binti yangu kitu kimekwaruzwa, watu waseme nini? Chukua hii safi."

Na hakuwa ananidanganya, wakuu. Hapo ndipo panaponiuma. Yeye alijua redio, kompyuta hakuijua. Alikuwa ananiheshimu. Nami ningemwambiaje kwamba mashine aliyonichagulia ina mlio? Hiyo ni kumwita mwizi kwenye kibanda chake, soda yake bado iko mkononi mwangu.

Nikasema asante, Baba. Nikalipa na mikono yote miwili.

Nyumbani nikagundua hata pale pa kuingizia diskette ni pabovu. Unaingiza diskette, inakwaruza, inakataa. Kwa vijana: hakukuwa na flash wala cloud. Bila diskette, kitu ulichoandika kimefungwa mle ndani, hata kuprinti huwezi.

Mama Akinyi akasema, "Nipe niirudishe mimi. Ni baba yangu, hatanila." Nikamkatalia. Nilimwambia ataniharibia jina kwao. Heshima si utumwa, tunaambiwa. Yangu siku hiyo ilikuwa utumwa mtupu.

Tukaanza kazi. Bomani stima haikuwa, kwa hivyo nilikuwa nachaji Otonglo kwa kinyozi, halafu natembea haraka kwa Mzee. Betri ilikuwa inashika kama saa moja. Mzee akajifunza kuongea kwa betri. Akiona taa nyekundu inawaka, anakatiza hadithi hapo hapo na kusema, "Mashine yako imeshiba maneno."

Nyie, yule mzee aliongea. Sauti ilikuwa inakauka kila wiki lakini aliongea. Kuna babu mmoja, wa nane kurudi nyuma, alivuka ziwa kwa mtumbwi na mbuzi mwenye mimba, na mbuzi akazalia humo mtumbwini. Watu wakataka kuwatupa watoto wa mbuzi ili mtumbwi usizame. Babu akasema basi mnitupe mimi. Mzee alicheka hadi akakohoa damu kidogo, akafuta, akaendelea.

Majina yote kumi na moja yaliingia. Karibu kurasa arobaini. Mlio ulikuwa unaongezeka, nikawa naongeza kasi ya kuchapa nisiusikie. Nilikuwa najiambia, Mzee akimaliza, nitatafuta njia ya kutoa.

Akapelekwa operesheni. Wiki hiyo hiyo nikawasha laptop, ikapiga tik tik kama mara ishirini, screen ikabaki nyeusi na mstari mmoja mweupe wa Kizungu.

Nilimpelekea fundi mmoja town. Akaifungua, akaweka sikio.

"Hii diski ilikuwa inakufa kitambo. Hukusikia ikilia?"

"Nilisikia."

Akaendelea kujaribu. Hakuna kitu alitoa. Nilikaa nje ya duka lake kwenye ngazi, mtu mzima, nikalia mbele ya watu wanaouza viatu.

Mzee akarudi na kitambaa shingoni, hana sauti. Kuandika hajui. Kila nikienda kumwona ananyoosha vidole vyake viwili na kuvichezesha hewani kama mtu anapiga taipu, halafu anafungua viganja kama kitabu. Anauliza kiko wapi.

Nilimwambia, "Baba, kiko kwa printa. Kinakuja."

Nilimwambia hivyo miezi mitano. Alikufa akikingoja.

Kwetu siku ya mazishi lazima mtu asimame aseme marehemu ni mwana wa nani, mwana wa nani, hadi mwisho. Ilikuwa kazi yangu. Nikasimama kando ya jeneza nikaanza. Moja, mbili, tatu. Nikafika saba, nikasimama. Naona mtumbwi, namwona mbuzi, jina silioni. Watu walidhani machozi yamenikaba, wakaanza kuimba kunisaidia. Nikaketi.

Baba mkwe alikuwepo. Baadaye akaja kunishika mkono, akaniuliza kama ile mashine bado iko.

Nikamwambia, "Iko, Baba. Inafanya vizuri."

Yule mwalimu wa Sondu nilikutana naye miaka kadhaa baadaye. Ile ya mkwaruzo alikuwa bado anachapia mitihani.

Basi wewe uliyeuliza kuhusu laptop mbili, RAM wataalamu watakujibu. Mimi nina moja tu la kukwambia. Usinunue kitu kwa mtu ambaye huwezi kumwambia hapana. Na kikikulilia siku ya kwanza, kirudishe hata kama utakosana na ukweni. Watapoa. Mimi nilichopoteza hakipoi.

Mkitaka kunitusi, comment ziko wazi, nimeshajitusi zaidi ya hapo.

Lakini kama kuna mtu humu kwao ni upande wa Otonglo, na ana nyanya au babu bado anaongea, tafadhali nenda umuulize swali moja. Yule mtu aliyevuka ziwa na mbuzi mwenye mimba, alikuwa anaitwa nani?

Niandikie hapa chini. Jina tu linatosha.