Nalitia sahihi mjukuu wangu asome CRE, na baba yake hakujua

Salaam wakuu. Najua humu wengi ni vijana, basi shikamoo zenu nimeshazipokea, marahaba. Nisomeni taratibu, kwani naandika kwa kidole kimoja na shule naliachia darasa la tatu. Nitakayosema ni kweli tupu, wallahi, hata pale yanaponiaibisha.

Kwanza niwatajie waliokuwamo ndani ya ile ofisi ya shule, Mtopanga, msije mkanipotelea njiani.

Mimi, Mwanakombo binti Juma, wa Junda.

Athumani, mwanangu wa pili, wa Jomvu Kuu. Alikuwa ndio kwanza amerudi kutoka Doha, alikoendesha lori miaka minne.

Mwanaisha, bintiye, yuko Form Four. Nimemlea mimi tangu mamake alipoachwa akaenda kuolewa Voi.

Madam Wakesho, Mtaita, ndiye principal.

Na Mwalimu Kilonzo, Mkamba, anayefundisha CRE, yaani dini ya Kikristo.

Watano. Wa sita, karani aliyenisomea fomu, hakuwapo.

Sasa turudi nyuma kidogo.

Mwanaisha alipomaliza la nane alipangiwa shule hii, ni ya kanisa, ya kutwa. Kutoka kwangu ni mwendo wa miguu tu. Ukikataa, nafasi iliyobaki ilikuwa ya kulala huko bara, na mimi moyo haukukubali.

Siku ya kumwandikisha nalikwenda mwenyewe. Karani wao, Dama, akanisomea fomu kwa Kiswahili, mara mbili. Ilisema mzazi amekubali mtoto asome CRE mpaka Form Four, kwa sababu mwalimu wa IRE, somo la dini ya Kiislamu, hawana.

Nalielewa. Asije mtu hapa akasema bibi wa watu alidanganywa.

Nikatia sahihi kwa herufi za Kiarabu, vile tulivyofundishwa chuoni, yaani madrasa, na marehemu Mwalimu Zena. Sisi wanawake wa zamani barua zetu zote za Kiswahili twaliandika kwa herufi hizo. Za Kizungu kwenye simu ni rahisi, zimeshapangwa wewe wadonoa tu, lakini kwa kalamu zanipinda kama mkia wa mbuzi.

Dama akaitazama ile sahihi, akasema, "Mama, hata sijui kama umeandika jina au umenitukana."

Tukacheka, fomu ikaenda kwenye faili.

Athumani kila akipiga simu kutoka Doha aliniuliza, "Mama, mtoto yuwasoma dini?"

"Yuwasoma, babangu."

Sikusema dini gani. Miaka mitatu na kitu, wakuu, sikusema. Na mtoto nalimwambia, "Babako akiuliza, mpe salamu, kisha unipe mimi simu." Jioni alikuwa akienda chuoni kama kawaida, basi nikajiambia hakuna kilichoharibika.

Akarudi sasa. Likizo Mwanaisha akaenda kumsalimia Jomvu Kuu, na baba akataka kuona ripoti. Hesabu sawa, Kiswahili sawa. CRE, themanini na saba, nambari moja darasani.

Alinipigia mwenyewe. "Mama, Jumatatu shule zikifunguliwa vaa buibui lako, nakupitia."

Hakuniuliza kitu njia nzima. Getini askari wao, Kitsao, ambaye twajuana, akanitania, "Bi Mwanakombo, leo umekuja kuokoka?" Nikamwambia, "Naliokoka kabla hujazaliwa, fungua geti." Athumani hakucheka.

Ofisini akaanza kwa adabu. Akasalimia, akakaa, kisha akaiweka ile ripoti mezani.

"Madam, mimi mtoto wangu ni Muislamu. Nani aliwapa ruhusa?"

Madam Wakesho akasema kuna fomu, mlezi alitia sahihi.

"Mlezi gani? Mimi nilikuwa Doha. Na Mama yangu huyu hapa, hawezi kutia sahihi jambo kama hilo. Namjua."

Namjua. Neno hilo halijanitoka hata leo.

Akamgeukia bintiye. "Ni wewe?"

Mwanaisha akanitazama. Nami nikatazama mkoba wangu.

"Ni mimi, Baba," akasema.

Hapo nilikuwa na nafasi ya kusema. Sikusema.

Madam akavua miwani. "Mwanaisha, uli-forge sahihi ya mzazi?"

"Ndio, Madam."

Nafasi ya pili hiyo.

Madam akasema kughushi sahihi ni kusimamishwa wiki mbili, mpaka bodi ikae. Na majina ya kuandikishwa mtihani wa taifa yalikuwa yafungwe Ijumaa ile ile.

Athumani akasema, "Msijisumbue kumfukuza. Namtoa mimi, leo."

Mwalimu Kilonzo akainuka. "Mzee, ngoja. Madam, huyu msichana nimemfundisha tangu Form One, hana tabia hiyo. Hebu tuitazame hiyo fomu kwanza."

Mtoto alikuwa amesimama wima, mikono nyuma, kama askari. Machozi hakutoa. Ingekuwa nafuu kwangu kama angelia.

Madam akaenda kwenye kabati la chuma. Ufunguo ukagoma. Akajaribu mwingine, likafunguka, akaanza kupekua mafaili ya mwaka ule, moja baada ya jingine, nami namsikia akinong'ona majina ya watoto wa watu.

Nikasema, "Ni mimi."

Haikutoka sauti. Nikarudia. "Athumani, ni mimi niliyetia."

Madam akaja na ile karatasi, ameishika juu chini. Athumani akaichukua, akaigeuza. Herufi zile nalimfundisha mimi, kabla hajajua za shule. Akasoma kwa sauti, "Mwanakombo binti Juma."

Akaiweka karatasi mezani.

"Mama, kwa nini?"

"Shule ilikuwa karibu, mtoto ana akili, na wewe ulikuwa mbali."

"Na kwenye simu?"

"Kwenye simu naliogopa."

Mwalimu Kilonzo akasema, polepole, kwamba bado kuna siku nne. Kama mzazi ataka IRE, jina lapelekwa IRE, na yeye yuamjua Ustadh Bakari wa shule ya wavulana hapo ng'ambo ya barabara, atamwomba amsaidie mtoto.

Athumani akamwangalia. "Wewe mwalimu wa Biblia umtafutie mwanangu ustadh?"

"Ni mwanafunzi wangu, mzee. Kwani nimfanye nini, nimwache afeli?"

Ndipo Athumani akamuuliza bintiye swali ambalo hata mimi, siku ile na Dama, sikumuuliza. "Wewe wataka nini?"

"Baba, somo la miaka minne siwezi kulisoma kwa miezi michache. Nabii Yusuf namjua wa chuoni na wa darasani, na kote kote nduguze walimtupa kisimani. Sijachanganyikiwa. Niache nimalize."

Mwalimu Kilonzo akakohoa, nadhani alikuwa akificha kicheko.

Athumani akatoka nje, akasimama barazani kitambo. Aliporudi akasema, "Aandikishwe hilo alijualo. Lakini jioni chuoni asikose, na kila Jumapili nitamsikiliza mwenyewe." Akamwomba Madam radhi kwa usumbufu. Akampa Kilonzo mkono.

Mimi alinifikisha mlangoni kwangu Junda. Mwezi mzima hakukanyaga. Alikuja Idi, akanibusu mkono, tukala. Hatujalizungumza.

Wakuu, funzo langu si kuhusu CRE wala IRE. Wengine mtasema nalikosa kutia sahihi, wengine mtasema nalifanya vyema, semeni, uwanja ni wenu. Mimi lililoniuma ni lile la kunyamaza mtoto wa miaka kumi na saba akinibebea. Mtoto akikufichia kosa lako, msemee mapema, usingoje kabati lifunguliwe.

Na hapa ndipo nawaomba. Mwanaisha asema nalisema "ni mimi" kabla Madam hajaliona faili. Athumani asema lilikuwa mkononi mwa Madam tayari, na mimi nalikuwa nimeliona. Nimekumbuka jina la kila mtu siku ile, lakini hilo kila nikilishika lateleza. Mwalimu Kilonzo, au wewe Madam, kama mwapita humu na nimekosea, nirekebisheni. Hata kama ni vile asemavyo Athumani.