Habu Niliyomchagulia Mchungaji

Soko lilipofunguliwa na vipuri vya mitumba kujaa Kilosa, mimi fundi baiskeli wa Kimamba nilijiona bingwa. Mchungaji wetu aliponiomba gurudumu jepesi la nyuma, nikamchagulia lenye habu, yaani kitovu cha gurudumu, ya baiskeli za mashindano. Muuzaji aliniambia, “Hii haina kupumzika.” Nikadhani anaisifia, kumbe gurudumu likizunguka, na pedeli lazima zizunguke. Nikafunga gia ya nyuma yenye meno machache kuliko zote, iende kasi. Breki za nyuma hazikulifikia gurudumu lile jembamba, nikazing'oa pamoja na za mbele, iwe nyepesi zaidi.

Jumapili nilisimama mbele ya waumini nje ya kanisa, nikisubiri sifa. Mchungaji akatokea mteremkoni, kanzu inapepea, pedeli zinamrusha miguu kama cherehani.

“Shikamoo, Mchungaji!” tukamwamkia.

“Marahaba!” akajibu, akatupita, akalizunguka kanisa.

Wazee wakapiga makofi wakidhani ni furaha ya Bwana. Mimi nikapiga kuliko wote.

Mzunguko wa tatu alipita bila miwani, akipaza sauti: “Fundi! Kitu hiki kinasimamaje?”

Makofi yakakoma. Kanisa zima likanigeukia.

“Mchungaji,” nikasema, “mimi mwenyewe sijawahi kukiendesha.”