Kilima cha Kilomita Tano

Siku yangu ya kwanza kazini Mkuu wa Kituo hakunipa hata kalamu. Alinitoa nje ya ofisi yetu ya hali ya hewa, pembeni mwa kiwanja cha ndege cha Sumbawanga, akanisimamisha kwenye baridi na kishati changu chepesi. Akanionyesha tangi la maji: kilomita moja. Mnara wa kanisa: mbili na nusu. Mwisho kilima chenye mikaratusi: tano.

"Unaiona mikaratusi?"

"Naiona, mzee."

"Siku usipoiona, usiandike tano. Hata aje nani."

Vijana wa leo mnaotazama mvua kwenye simu, nisikilizeni. Kiwanja chetu hakikuwa na mitambo ya kumwongoza rubani ndani ya wingu. Alitua kwa macho yake, na sheria ilitaka aweze kuona kilomita tano, na wingu lisishuke chini ya futi elfu moja na mia tano. Hayo alisomewa redioni na sisi wapimaji kabla hajaanza kushuka. Yakipungua, aligeuza akasubiri Mbeya.

Nilipelekwa Mpanda, kisha Kigoma, nikarudi Sumbawanga nikiwa mpimaji mwandamizi. Mkuu wangu alikwisha kustaafu. Nikamkuta Meneja wa Kiwanja, mtu wa viatu vya kung'aa ambaye sikuwahi kumwona akitazama juu.

Asubuhi moja ya masika ukungu ulipanda kutoka bonde la Rukwa ukatufunika. Mnara wa kanisa niliuona kwa shida. Mikaratusi, hakuna. Nikaandika mbili na nusu. Meneja akaingia mbio, maana kulikuwa na mgeni mkubwa ndani ya ndege na ngoma zilikuwa zimeshapangwa nje.

"Andika tano."

"Kilima hakionekani, bosi."

"Kwani kimehama? Miaka yote hii hujui kilipo? Andika, bwana, usituaibishe!"

Hadi leo damu inanichemka. Si kwa ajili yake peke yake. Nilikata namba yangu, nikaandika tano, nikaisoma redioni kwa sauti yangu mwenyewe.

Tuliisikia ndege kabla ya kuiona. Ilipita juu ya ofisi, chini mno, ikanguruma kuelekea mtaa wa Malangali, kisha ikapanda ghafla. Wapiga ngoma walilala kifudifudi. Ikazunguka huko juu mpaka ukungu ulipopasuka kidogo ikashuka.

Rubani alikuwa mama wa makamo. Alikuja moja kwa moja ofisini.

"Nani kanisomea tano?"

Meneja akaninyooshea kidole. "Mpimaji ni huyu."

Yule mama alinitazama. "Baba, nimekuamini wewe. Nimeona mabati ya nyumba za watu kabla sijaona kiwanja."

Wahenga walisema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Upuuzi! Mimi nililisikia la mkuu, huyo Meneja, na nusura watu sita waliokuwa ndani ya ndege wavunjike wote.

Nimestaafu sasa, nalima maharage yangu. Masika yaliyopita alinijia binti anayepima pale siku hizi.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba."

"Meneja mpya anataka niwe naandika tano. Anasema kilima kipo palepale."

Nilisimama kwa hasira hadi kiti kikaanguka. Nikamwambia aandike anachokiona, basi.

"Na wakinifukuza?"

Niliingia ndani nikamletea barua niliyopewa miezi michache baada ya ile ndege. Ni ya kupandishwa cheo, na inanisifu kwa ushirikiano mzuri na uongozi. Nilikuwa nimemsimulia yote, kwa hiyo alijua ni ushirikiano gani. Aliisoma mara mbili, akaikunja taratibu, akanirudishia bila kunipa hongera.